Sangara si Salmoni

Wateja wangu wengi hufika na picha mkononi. Mtu anapanda ngazi, anasalimia, anavuta kiti, na kabla sijamuuliza biashara yake ni ipi ameshaninyooshea simu: "Fundi, nataka kama hii." Ofisi yangu ipo katikati ya Mwanza, si mbali na Makoroboi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yangu ni kuchora nembo, vifungashio, mabango, kadi za harusi na fulana za vikundi. Picha ninayonyooshewa huwa nzuri kweli. Ni nembo ya saluni ya Marekani, au mfuko wa kahawa wa Japani, au ile kadi ya mwaliko yenye majani ya kijani yanayoning'inia pembeni, ambayo imezunguka kwenye magrupu ya kamati za harusi mpaka bwana na bibi harusi wake wa kwanza nawajua kwa majina kama ndugu zangu.

Sina ugomvi na picha hizo. Mteja hajasomea uchoraji, na simu ndiyo inayomsemea. Ninachofanya ni kumuuliza umependa nini hapa, kisha nanyamaza. Dada mmoja mwenye saluni upande wa Kitangiri alinionyesha nembo yenye herufi nyembamba za dhahabu juu ya marumaru nyeusi. Tulizungumza weee, mpaka ikatoka: amechoka wateja kupatana naye bei baada ya kusukwa. Dhahabu ilikuwa njia yake ya kusema "hapa hatupatani". Sasa dhahabu ya kwenye skrini ukiichapa kwenye flexi, ile turubai ya plastiki ya mabango, inatoka kama tope la njano, kwa sababu ule mng'ao haupo kwenye wino wa kawaida. Tukatengeneza ubao wa bei, mkubwa, wenye herufi nene, ukawekwa mlangoni mahali ambapo mtu anausoma kabla hajakaa kwenye kiti. Nembo ilikuja baadaye, na haikuwa na dhahabu.

Kwa hiyo hata mimi mwenyewe, ninapookota kitu cha kunipa mawazo, najiuliza swali lilelile ninalomuuliza mteja. Sura yenyewe hainisaidii sana. Nataka kujua ni shida gani iliyoizaa. Ukishaijua hiyo, unaweza kuchora kitu kisichofanana kabisa na ulichokiona, na bado kikafanya kazi ileile.

Mtandaoni ndipo kazi hiyo inapokuwa ngumu. Nina akaunti Pinterest, na Behance, mtandao ambako madizaina huonyesha kazi zao, naingia kila bando linaporuhusu, lakini naingia nikijua mashine ile inavyofanya kazi. Pinterest, iliyoanza mwaka 2010, ukihifadhi picha moja inakuletea zinazofanana nayo. Ukihifadhi na hizo, zinakuja zinazofanana zaidi. Dizaina wa Mwanza, wa Nairobi na wa São Paulo wanaotafuta nembo ya mgahawa wanaishia kwenye kisahani kilekile na uma uleule. Ukitafuta michoro ya Kiafrika ndiyo balaa kabisa: pembetatu nyeusi na nyekundu, ngao, twiga, mgunga, na jua kubwa linazama nyuma yake. Nikifungua dirisha langu sioni hata kimoja kati ya hivyo. Naona turubai za machinga, mawe, paa za bati, kunguru, na kipande cha ziwa.

Kisha kuna suala la rangi. Skrini huumba rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna kijani kinachowaka na zambarau fulani ambazo simu inazionyesha na mashine haitazitoa hata ukiisujudia. Ndiyo maana rangi nazikusanya kutoka kwenye vitu ambavyo tayari vimeshachapwa au kupakwa, na hasa vilivyokwisha kupigwa jua.

Pita Barabara ya Nyerere kuelekea Buzuruga uangalie mabango yaliyosahaulika ukutani. Wino wa majenta na wa njano huchoka mapema juani. Samawati na nyeusi hubaki. Ndiyo maana tangazo la zamani la mkutano wa injili lina mhubiri mwenye uso wa bluu, na mchele kwenye tangazo la hoteli unaonekana kama umepikwa kwa sabuni ya unga. Mabango haya yaliyokufa nayapiga picha zaidi kuliko mapya. Nina folda yake kwenye kompyuta, na ni folda inayomaliza ubishi haraka sana. Mteja aking'ang'ania jina la duka liandikwe kwa nyekundu juu ya njano, kwenye bango litakaloangaliana na jua la saa nane kwa miaka, namfungulia folda. Mara nyingi anahamia nyeusi au bluu nzito bila mimi kusema neno.

Lakini shule yangu kubwa ni Mwaloni, pale Kirumba. Watu huenda kununua samaki na dagaa wanaoshushwa kutoka visiwani. Mimi huenda kusoma mitumbwi. Kila mtumbwi una maandishi ubavuni: namba ya usajili, na juu yake au pembeni jina alilolitaka mwenyewe. Subira. Riziki Haina Fundi. Wivu wa Nini. Ubao wa mtumbwi ni mrefu na mfupi wa kimo, kwa hiyo herufi nazo zimelazwa, zimepanuka, miguu yake mifupi. Hakuna fonti niliyowahi kuinunua inayokaa vile. Fundi anafuata mshono wa mbao: mshono wa chini unakuwa mstari wake wa kukalisha herufi, wa juu unakuwa dari. Nyeupe juu ya bluu, kivuli cheusi upande mmoja tu.

Nilimkuta mzee mmoja anaandika, mtumbwi umelazwa kwenye mchanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka sangara au dagaa?"

"Nataka kukuangalia unavyoandika tu, kama hutojali."

Akanitazama viatu, akacheka, akaendelea. Alianza na herufi ya katikati, akaenda kushoto, akarudi kumalizia kulia, ili jina likae katikati ya ubao bila kupima kwa rula. Nikamuuliza mbona anaachanisha herufi sana, maana karibu ungeweza kupitisha kiganja kati ya moja na nyingine. Akasema, "Ukizibananisha zinashikana. Anayesoma yuko kwenye mtumbwi mwingine, naye anayumba, na huu nao unayumba. Wewe umezoea watu waliosimama."

Ninaisikia sauti yake kila ninapopewa kazi ya kuandika ubavuni mwa gari. Daladala, bajaji, lori la soda: msomaji anatembea na kinachosomwa kinatembea. Nafasi kati ya herufi naiongeza mpaka kwenye skrini inaonekana kama nimekosea, halafu nachapa.

Tahadhari moja kwa anayetaka kwenda. Mwaloni usifike ukiwa umenyanyua simu. Watu wameshachoka na doria za nyavu haramu, na mgeni mwenye kamera hudhaniwa afisa uvuvi, au mtu wa kodi, au mwandishi wa habari mwenye lake jambo. Mimi huenda na daftari na penseli. Na daftari lina faida ambayo sikuitegemea: picha ya simu hakuna anayeisahihisha, lakini ukichora, watu wanakuja nyuma ya bega lako na kuanza kukukosoa. "Pezi hilo siyo hapo." "Mkia wa sangara haujachongoka hivyo, umezunguka." "Sato huyo umempa tumbo la kambale." Wachuuzi, watoto wa shule, kina mama wenye beseni, kila mmoja na maoni. Ukitoka hapo umefundishwa samaki na watu wanaomshika kila siku.

Na hapa naomba nichelewe kidogo, kwa sababu ndiyo jambo linaloniudhi kuliko yote katika mji huu. Tembea Mwanza uhesabu nembo za migahawa na maduka ya samaki. Kwenye nembo nyingi samaki ni salmoni. Nyingine ni jodari, na kuna mahali nimeona pomboo, ambaye hata samaki siyo. Sababu inajulikana: dizaina ameandika neno la samaki kwenye mtandao wa picha za bure, wakamletea wa bahari za baridi, akampaka bluu, akatuma ankara. Sangara ana kichwa kilichobonyea juu ya macho, halafu mgongo unapanda ghafla kama kilima cha Bugando. Mapezi ya mgongoni ni mawili yaliyokaribiana, la mbele lina miiba. Mkia wake umezunguka. Salmoni kachongoka, mkia umekatwa katikati, na karibu na mkia ana kijipezi kidogo cha nyama ambacho sangara hana. Sato ni mpana, pezi lake la mgongoni ni moja refu, na mkiani ana mistari ya kusimama. Mtu wa Mwanza anaweza asijue kukueleza tofauti hizi, lakini akiona nembo yako anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mgahawa unauza sangara wa kukaanga, ukutani amechorwa mgeni.

Elimu hiyo ya Mwaloni ililipa siku kikundi cha kina mama wa Igombe kiliponiita. Wanakausha dagaa, na walitaka kifungashio cha kuingiza kwenye maduka makubwa badala ya kuuza kwa magunia peke yake. Walikuja na picha, kama kawaida: kifungashio cha Ulaya, cheusi kote, kina dirisha dogo la duara na mchoro wa samaki mmoja mkubwa. Nikauliza swali langu. Mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akasema, "Mwanangu, hiki kinaonekana kisafi."

Usafi, kwa mnunuzi wa dagaa, una maana moja: mchanga. Dagaa waliokaushwa chini ufukweni huja na mchanga wao, na kila mpishi anajua kero ya kuwaosha maji baada ya maji na bado ukasikia krr kwenye jino. Kikundi hiki kinakausha juu ya vichanja, wavu umetandazwa kwenye miguu ya miti, hewa inapita chini. Ndicho kitu walichokuwa nacho ambacho wenzao wengi hawana, na hakikuwa popote kwenye ile picha ya Ulaya. Nilishinda pale Igombe nikichora vichanja tu. Ukivitazama kwa ubavu asubuhi, wavu unaweka miraba midogo ya kivuli mchangani, na dagaa juu yake wanang'aa kama fedha. Ile miraba ndiyo ikawa mchoro wa kifungashio. Dirisha nililiacha kubwa, kwa sababu mnunuzi wa dagaa haamini picha. Anataka awaone wenyewe, kama wana mng'ao au wamefifia. Sikuchora samaki hata mmoja.

Nyuma ndipo palipokuwa na vita. Kifungashio cha chakula kina mengi ya lazima: uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, anwani, alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa aliyeipata, na bakodi, ambayo kwa namba zilizotolewa Tanzania huanza na 620. Vyote hivyo kwenye upande usiozidi kiganja cha mkono. Hapo nilifungua sanduku langu.

Sanduku ni la bati, lile la shule ya bweni, na limejaa vitu ambavyo mke wangu angevichoma kesho kama ningesafiri. Maganda ya vibiriti. Vipande vya mifuko ya saruji. Lebo za nyavu. Majalada ya madaftari ya zamani yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kalenda za maduka. Karatasi za kufungia sabuni za mche. Sivikusanyi kwa ajili ya mapenzi ya kale. Navikusanya kwa sababu vilichapwa na watu waliokuwa na rangi mbili na nafasi ndogo. Ganda la kibiriti lina jina, picha, idadi ya njiti, mtengenezaji na onyo, na bado lina pumzi. Mtu aliyelichora alijua cha kukipa ukubwa na cha kukinong'oneza. Ule upande wa nyuma wa dagaa wa Igombe niliupanga kwa kufuata jalada la daftari: kisanduku, ndani yake safu, hakuna pambo. Kina mama waliuelewa mara moja, kwa sababu wote walijifunza kuzidisha kwenye kitu kinachofanana na hicho.

Rangi mbili si umaskini, hasa kwenye fulana. Kwenye uchapaji wa skrini, yaani wa kusukuma wino kupitia wavu uliobanwa kwenye fremu, kila rangi inahitaji fremu yake, kwa hiyo kila rangi unayoiongeza inaongeza gharama na nafasi ya kukosea. Kikundi cha vijana wa bodaboda wakitaka fulana za bei nafuu, ninaanza kwa kuwaonyesha vitu vya sandukuni, vilivyofanya makubwa kwa nyeusi na nyekundu.

Kuhusu mawe nitasema kidogo, maana yamesemwa sana. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, lipo kwenye nembo ya kila timu, kila kampuni ya utalii na kila kikundi cha kufa na kuzikana mjini hapa, likiwa na jua nyuma na ndege wawili. Sitalichora tena mpaka nilipwe vizuri. Kinachonivutia ni namna nyumba za Igogo na Mabatini zilivyojipenyeza katikati ya miamba: ukuta unakwenda mpaka jiwe linapoukataza, ngazi inazunguka, mlango unatokea pasipotarajiwa. Nikikwama kwenye ukurasa uliojaa picha za ukubwa tofauti, nachora mlima huo kwa miraba, na ukurasa unapangika. Na kama unatafuta rangi, usiangalie jiwe, mwangalie mjusi anayeota jua juu yake. Dume ana kichwa na mabega ya waridi iliyoiva na mwili wa bluu. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Nilimchukulia rangi zake kwa lebo ya juisi ya rosela. Mwenye juisi hajui, na sijaona sababu ya kumwambia kwamba chupa yake imevaa nguo za mjusi.

Kanga nayo ni darasa la mpangilio ambalo watu wanalivaa bila kuliona. Ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa mchoro wa katikati, ina jina, yaani ule msemo, chini ya mji. Hakuna kinachogombana. Jina limekaa mahali ambapo, ikifungwa vizuri, litasomeka na aliye nyuma ya mvaaji, na mara nyingi ndiye aliyekusudiwa. Ninapomfundisha mtu kupanga bango, simpi kitabu. Namtuma kwenye maduka ya vitambaa akatazame kanga iliyotundikwa, aniambie jicho lake limeanza wapi na limeishia wapi.

Kuna kuokota kunakohitaji ruhusa, na hilo nilifundishwa Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yapo pale karibu na Kisesa, nje kidogo ya mji ukielekea Musoma, na yanahusishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeyaanzisha pamoja na wazee wa Kisukuma kuanzia miaka ya 1950. Kanisa lake ni la duara kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma. Ndani ya makumbusho kuna ngoma za watemi, viti vya enzi, mavazi ya wachezaji, na kuta zilizochorwa. Kwa dizaina, ni rahisi kuingia pale kama aliyeingia stoo: chukua hiki, chukua kile, kesho kipo kwenye fulana.

Kikundi kimoja cha ngoma kilinipa kazi ya fulana kwa ajili ya Bulabo, ile sikukuu ya ngoma inayofanyika mwezi wa sita wakati wa sherehe ya Ekaristi. Nilikwenda Bujora na daftari. Mzee aliyekuwa akitembeza wageni aliniuliza swali moja kabla ya yote: "Hao waliokutuma ni Bagika au Bagalu?" Ushindani wa makundi hayo mawili ya ngoma ni wa tangu enzi za waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na mashabiki wake hawachangamani kirahisi kuliko wa Simba na Yanga. Halafu kuna Bayeye na nyoka wao, na Bununguli na nungunungu wao. Kila kundi na vyake. Nyoka mzuri niliyemwona ukutani hakuwa pambo la mtu yeyote anayependa nyoka. Alikuwa na wenyewe. Nilipiga simu kwa kiongozi wa kikundi pale pale, nikapata jibu, mzee akanionyesha kilicho chao na kisicho chao, na ngoma za watemi akaniomba niziache zilipo, kwa sababu hazikuwa za kila shughuli. Fulana ilitoka na mchoro wa njuga za miguuni. Siku ya mashindano hakuna aliyegombana kwa sababu ya fulana. Waligombana kuhusu nani alishinda, kama inavyotakiwa.

Sasa namna ninavyohifadhi. Watu wengi hupanga folda kwa aina: nembo, mabango, kadi. Ukifanya hivyo, ukipata kazi ya nembo utafungua folda ya nembo, na utatoa nembo inayofanana na nembo. Mimi napanga kwa shida. Nina folda inayoitwa "kwa mbali", nina "nafasi finyu", "rangi mbili", "jua kali", "kinachotembea", "asiyejua kusoma", na moja inaitwa "kwa nini hiki kinanichekesha", ambayo imejaa kuliko zote. Hiyo ya "asiyejua kusoma" ndimo walimo vinyozi: vichwa vilivyochorwa ukutani, kila kimoja na mtindo wake, mteja ananyooshea kidole anachotaka bila kuhitaji herufi hata moja. Kila kinachoingia kinaambatana na sentensi mbili: nimekiona wapi, na kinatatua nini. Nikishindwa kuandika ya pili, nakifuta, hata kama ni kizuri. Wakati mwingine mikono imejaa, najirekodi sauti WhatsApp nikiwa kwenye daladala, na abiria wenzangu wanadhani nagombana na mtu kuhusu herufi.

Na ninaandika tarehe, kwa sababu vitu hivi vinaondoka. Kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa na foleni ya magari, na foleni ilikuwa na soko lake: vibao vya mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, chaji ya simu, vyote vimeandikwa kwa mkono kwenye maboksi na vipande vya mbao, vikisomwa na mtu aliyechoka kukaa kwenye basi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi juu ya maji, na sasa gari linapita kwa dakika chache. Ni jambo jema. Waliokuwa wakisubiri kivuko na mgonjwa ndani ya gari hawataki kusikia maneno yangu kuhusu vibao. Lakini vile vibao vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye muda mwingi: vina maneno mengi, vina utani, vingine vina methali nzima. Ninavyo kwenye daftari, chini ya folda niliyoiita "msomaji hana haraka". Juzi nilivitumia kwa mabango ya chumba cha kusubiria cha zahanati moja binafsi, na mhudumu ananiambia watu wanayasoma mpaka mwisho.

Kijana anayejifunza kwangu anaona haya yote ni mzunguko mrefu. Ana programu ya akili mnemba kwenye simu, anaiandikia anachotaka, na dakika haijaisha ana nembo nne. Hatujakubaliana, na sina uhakika kama tutakubaliana mwaka huu, kwa sababu kwa kazi nyingine anashinda. Mandhari ya nyuma ya tangazo anaitoa haraka kuliko mimi ninavyotafuta penseli. Wiki iliyopita tulipata kazi ya bucha ya samaki, akaiomba programu yake sangara. Ikamletea samaki mwenye mgongo ulionyooka, mkia uliokatwa katikati, na kile kijipezi cha nyama karibu na mkia. Akanionyesha kwa fahari.

"Kaka, huyu vipi?"

Nikamwambia aende naye Mwaloni akamuulize mtu yeyote mwenye beseni. Akaenda na simu, na daftari nikamlazimisha abebe. Alirudi saa tisa akiwa na kurasa sita za mikia, namba ya simu ya mama mmoja aliyeahidi kumuuzia sato kwa bei ya jumla, na hoja mpya: kwamba sasa atazipiga picha zile kurasa sita na kuifundishia programu.